Imezimwa, Imezimika, Imejizima: Kiswahili cha Hitilafu za Kioo katika Kompyuta Mpakato Kuukuu Zinazotumia Linux

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unachunguza lugha inayotumika pale kompyuta inapoharibika, hususan pale kompyuta mpakato kuukuu inayoendeshwa na mfumo wa Linux inaposhindwa kuonyesha picha kwenye kioo chake. Huenda mada hii ikaonekana ngeni katika jukwaa la taaluma za Kiswahili. Kwa muda mrefu mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta umejikita katika swali moja, nalo ni: kitu hiki kiitweje? Wako waliotetea kompyuta, wako waliopendekeza tarakilishi, na wengine wakaja na ngamizi. Chombo kidogo cha kubebwa nacho kimepewa jina la kompyuta mpakato nchini Tanzania na kipakatalishi nchini Kenya. Majina yote mawili yametokana na kitenzi kupakata, ambacho mzungumzaji wa Kiswahili hukihusisha kwanza na mtoto mapajani. Ni uundaji mzuri wa istilahi, na haukusudiwi kubezwa hapa.

Hata hivyo, huo ni mjadala wa nomino. Mtu ambaye kompyuta yake imekataa kuonyesha picha hatafuti jina la kompyuta. Anatafuta namna ya kumweleza mtu mwingine, aghalabu aliye mbali, kile hasa anachokiona. Hapo ndipo kitenzi kinapochukua kazi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba Kiswahili cha kompyuta kimejengwa katika tabaka la juu la mashine, tabaka ambalo ndilo la kwanza kuanguka hitilafu inapotokea, na kwamba nyenzo za lugha zinazobaki mkononi mwa mtumiaji baada ya anguko hilo ni zile ambazo wanaistilahi wamezishughulikia kwa uchache zaidi.

2.0 Mwalimu wa Majimoto

Ichukuliwe, kwa ajili ya mfano, hali ya mwalimu wa sekondari anayefundisha Majimoto. Majimoto ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, Wilaya ya Mlele, Mkoa wa Katavi. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Eneo hili la bonde la Rukwa lina joto na ni la wakulima wa mpunga. Kwa upande wa lugha, wenyeji ni Wapimbwe, ambao lugha yao iliwekwa na Guthrie katika kundi la M pamoja na Kifipa, lakini Wasukuma waliohamia na mifugo yao wamelifanya bonde hili kuwa mahali pa lugha nyingi. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, shuleni na kwenye simu.

Mwalimu huyu wa mfano ana kompyuta mpakato iliyotumika, yenye umri wa zaidi ya miaka 15. Amewekewa Linux kwa sababu mfumo huo haulipiwi na bado unaweza kukimbia katika mashine dhaifu. Ndani yake mna mitihani ya muhula na alama za wanafunzi wa vidato vinne, wala hana nakala nyingine. Jioni moja anasasisha mfumo, anauwasha upya, na kioo kinabaki cheusi. Fundi anayemwamini yuko Mpanda mjini. Barabara ya kwenda huko hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi hadi Sitalike, na si safari ya kuianza usiku. Kwa hiyo anapiga simu.

– Shikamoo, Mwalimu.
– Marahaba, fundi. Kompyuta yangu imezima.
– Imezima vipi? Umeizima wewe au imezimika yenyewe?
– Sijaizima. Nimeiwasha, yakapita maandishi meupe haraka haraka, halafu kioo kikawa cheusi.
– Cheusi kabisa, au cheusi chenye mwanga kwa nyuma?
– Ngoja nizime taa ya chumbani nitazame.

Katika mazungumzo haya mafupi fundi hajauliza jina la kifaa chochote. Ameuliza maswali mawili, moja la unyambuaji wa kitenzi na jingine la aina ya weusi, na kwa maswali hayo tayari ameondoa nusu ya sababu zinazowezekana.

3.0 Kitenzi kama kipimo

Katika matumizi ya kila siku ya Tanzania, kitenzi kuzima hutumika kwa namna mbili. Mtu huzima taa, na vilevile simu huzima. Katika matumizi ya pili hakuna mtendwa, na mtenda hajulikani. Ndiyo maana fundi hawezi kuridhika na imezima. Lugha inampa maumbo matatu ya kuchagua. Imezimwa, yenye kiambishi cha kutendwa, inadai kuwepo kwa mtu aliyeizima hata kama hatajwi. Imezimika, yenye kiambishi cha kutendeka, inaeleza hali iliyotokea bila mkono wa mtu, kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Imejizima, yenye kiambishi rejeshi, inaifanya mashine yenyewe kuwa mtenda.

Tofauti hizi zinalingana na tofauti za kiufundi. Kompyuta iliyozimika mara nyingi imekosa umeme: betri imechoka, chaja haipitishi, au umeme wa sola umekwisha. Kompyuta iliyojizima mara nyingi imejilinda. Kichakataji kinapopata joto la kupita kiasi, kwa mfano feni ikiwa imejaa vumbi, mashine hukata umeme kabla haijaungua. Na katika bonde la Rukwa joto na vumbi havihitaji kutafutwa. Lakini kompyuta ya mwalimu haimo katika hali yoyote kati ya hizo. Fundi anamwambia abonyeze kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi na kutazama kama kitaa chake kinawaka na kuzima. Kikiitikia, basi kiini cha mfumo kingali hai na kilichokufa ni maonyesho tu. Kwa maneno mengine, kompyuta haijazima kabisa. Imeacha kuonyesha.

Hapa mzizi -on- unaingia kazini. Haionekani na haionyeshi ni maumbo ya mzizi mmoja, lakini yanaelekeza kidole mahali tofauti. Picha haionekani maana yake ni kwamba mtazamaji hawezi kuiona, na inawezekana kabisa kwamba picha ipo. Kompyuta haionyeshi maana yake ni kwamba picha haitolewi. Katika kompyuta mpakato za zamani kioo humulikwa kwa nyuma na mrija mwembamba wa taa, ilhali za baadaye hutumia taa za LED. Taa hiyo ikifa, picha hubaki kwenye kioo lakini gizani. Kipimo chake ni rahisi: kumulika tochi ya simu kwa mshazari juu ya kioo. Ikionekana hata kwa mbali alama ya madirisha au maandishi, picha ipo na kilichokufa ni taa au waya wake. Isipoonekana, hatua inayofuata ni kuunganisha televisheni au kioo cha nje. Picha ikitokea huko, kadi ya grafiki ni nzima na ugonjwa uko kwenye kioo au kwenye waya unaopita kwenye bawaba za kifuniko. Waya huo hukatika polepole kwa sababu ya kufunguliwa na kufungwa kwa miaka mingi, na dalili yake ni picha inayokuja na kupotea kifuniko kinapoinamishwa. Mafundi husema kioo kinachezacheza. Uradidi wa kitenzi hapo si pambo. Unaeleza kwamba tukio linajirudia bila mpangilio, na kutokuwa na mpangilio ndiko kunakoelekeza kwenye waya uliolegea.

Msamiati huu wa mafundi haujakusanywa inavyostahili. Kioo kimeganda husemwa picha inapokuwapo lakini haisogei. Kinapiga mistari ni jambo jingine. Na kuna neno moja ambalo mtu wa Majimoto analijua kutoka shambani kabla hajawahi kuiona kompyuta: chenga. Kwanza ni punje za mchele zilizovunjika mashineni. Televisheni ilipofika, chenga zikawa zile nukta nyeupe zinazojaa kiooni masafa yanapokosekana, na hakuna kamati iliyokaa kuliidhinisha tumizi hilo. Mkulima anayesema kioo kina chenga ametoa maelezo sahihi ya picha iliyovurugika katika nukta ndogo ndogo, na fundi atayaelewa papo hapo.

4.0 Kiswahili kilichowekwa juu

Turufu kubwa ya Kiswahili katika mfumo wa Linux na ndugu zake ni leseni huru. Mtafsiri hahitaji kumwomba ruhusa mwenye mali. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org iliyotiwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza mwandishi wa barua au mwalimu aliweza kuona faili na hariri kwenye menyu ya programu kamili ya ofisi. Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa Windows na Office katikati ya muongo huo. Kazi hizo zilizaa istilahi ambazo leo hazimshangazi mtu.

Ni muhimu, hata hivyo, kuangalia istilahi hizo zilikaa wapi. Kompyuta inayotumia Linux imepangwa kwa matabaka. Chini kabisa ni vifaa vyenyewe. Juu yake ni kiini, ambacho Linus Torvalds wa Finland alianza kukitoa hadharani mwaka 1991. Juu ya kiini, katika mashine za zamani, husimama X, mfumo wa kuchora madirisha uliozaliwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1984 na kufikia toleo lake la 11 mwaka 1987. (Uliitwa X kwa sababu ulifuata mfumo ulioitwa W. Wanaistilahi wa Kiswahili wanaolaumiwa kwa majina yao wanaweza kujiliwaza kidogo.) Juu ya X ndipo lilipo eneokazi, na juu ya eneokazi ndipo zilipo programu za kuandikia, kuvinjari na kuhesabia.

Kiswahili kiliwekwa katika matabaka mawili ya juu. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu huko ndiko mtumiaji anakokaa siku zote. Lakini ujumbe wa kiini haujatafsiriwa, ni wa Kiingereza kitupu. Faili la kumbukumbu la X ni la Kiingereza vilevile. Matokeo yake ni kwamba siku grafiki inapoanguka, Kiswahili nacho huanguka pamoja nayo, na mtumiaji hutupwa kwenye konsoli nyeusi yenye maandishi meupe, katika lugha asiyoitumia kufikiria, saa ileile anayohitaji kuelewa kuliko wakati mwingine wowote. Mwalimu wa Majimoto anajua Kiingereza cha darasani. Kiingereza cha kiini si hicho.

5.0 Skrini ambayo haikupatikana

Kitaa cha herufi kubwa kimeitikia. Fundi anamwelekeza mwalimu abonyeze kwa pamoja Ctrl, Alt na F3. Konsoli inatokea. Mwalimu anaandika jina lake, kisha nywila, na kwa kuwa herufi za nywila hazionekani anapoandika, anadhani kibodi nayo imekufa. Fundi anamtuliza. Ndipo wanapofungua faili la kumbukumbu la X, ambalo kwa kawaida hukaa katika /var/log kwa jina la Xorg.0.log. Mwishoni mwa faili hilo mwalimu anasoma mstari ambao maana yake kwa Kiswahili ni: hakuna skrini zilizopatikana.

Ujumbe huu unastahili kutazamwa kwa makini na mwanaisimu yeyote. Mwalimu anausoma kwenye skrini. Skrini ipo mbele yake na inamwambia kwamba haipo. Chanzo cha kichekesho hiki ni upolisemia wa neno la Kiingereza. Kwa waundaji wa X, neno hilo halimaanishi kioo. Linamaanisha muungano wa kadi ya grafiki, draiva yake na mpangilio wa maonyesho ambao programu imefanikiwa kuutengeneza. Muungano huo usipokamilika, X husema hakuna skrini, hata kama kioo kiko salama salimini. Mtafsiri akiandika skrini bila kufikiri, atakuwa amehamisha mtego kutoka Kiingereza hadi Kiswahili.

Bahati ni kwamba Kiswahili cha mafundi tayari kimeigawa dhana hiyo. Kitu cha kushikika ni kioo: kioo kimepasuka, kioo kimekufa, kioo kipya bei gani. Skrini ni neno la vitabuni na la programu. Mgawanyo huu ungeweza kufanywa rasmi. Kioo kiwe kifaa, skrini iwe uwanja wa maonyesho unaoundwa na programu, na ujumbe ule utafsiriwe kwa maana yake badala ya neno lake: X imeshindwa kuandaa maonyesho. Mwalimu anayesoma hivyo hatagusa bisibisi. Atajua kwamba tatizo lake liko kwenye draiva.

Katika faili hilohilo kuna jambo jingine linalopuuzwa. Kila mstari hutanguliwa na alama inayoeleza chanzo au uzito wa habari. Vistari viwili maana yake ni kwamba jambo limepimwa kwenye mashine yenyewe. Nyota mbili, kwamba limesomwa katika faili la mpangilio. Alama mbili za sawasawa, kwamba ni chaguo la kawaida lililochukuliwa kwa kukosa taarifa nyingine. Alama mbili za kujumlisha, kwamba limetoka katika amri. Herufi EE ni kosa, WW ni onyo, II ni habari tu. Wanaisimu wanazifahamu lugha, kama Kituruki na Kikechua, ambazo sarufi yake humlazimu msemaji kuonyesha kama jambo ameliona au amelisikia. Kiswahili hakilazimishi, lakini kina eti, kina inasemekana, kina nasikia. Mtu aliyefundishwa kwamba alama mbili za sawasawa ni eti ya mashine ataelewa kwa nini picha yake imevutika: kioo hakikujitambulisha, kwa hiyo X imebahatisha vipimo, pengine 1024 kwa 768, kwenye kioo ambacho kweli ni 1280 kwa 800. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali.

6.0 Kwa nini mashine kuukuu, na neno nomodeset

Ni kosa kudhani kwamba kompyuta ya mwalimu imezeeka jioni ile. Kilichobadilika ni mfumo uliosasishwa. Tangu mwaka 2009 kiini cha Linux kilianza kujitwalia kazi ya kupanga modi ya kioo, kazi ambayo awali ilikuwa ya X, na mpangilio huo ukaenea kwa kadi nyingi. Kwa mashine mpya ni nafuu. Kwa kadi kadhaa za zamani draiva haielewani nao vizuri, na kioo huwa cheusi mara tu kiini kinapobadili modi, yaani baada ya yale maandishi meupe yaliyopita haraka haraka. Kadi nyingine zimeachwa kabisa. Toleo la kiini la 6.3, la mwaka 2023, liliondoa draiva za kundi la kadi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. NVIDIA iliacha kutunza draiva yake ya mfululizo wa 304 mwishoni mwa mwaka 2017 na ya 340 mwishoni mwa mwaka 2019. Mwenye kadi hizo hana budi kutegemea draiva huru ya nouveau au kubaki na kiini cha zamani.

Hapa Kiswahili kina pengo la kweli. Kiendeshi kimependekezwa kwa ajili ya draiva, lakini kiendeshi hichohicho kimetumika pia kwa kifaa cha kusomea diski. Fundi wa Mpanda anasema draiva, na anaeleweka. Kamusi ingefanya vyema kumfuata.

Dawa ya muda ni neno moja, nomodeset, lililoshonwa kwa maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya usipange modi. Linaandikwa kwenye menyu ya kuwashia. Mwalimu anazima mashine, anaiwasha, anashikilia kitufe cha Shift au kubonyeza Esc hadi menyu itokee, anabonyeza herufi e, anatafuta mstari unaoanza na neno linux, anakwenda mwisho wake, anaacha nafasi na kuandika neno hilo. Kisha anabonyeza F10. Amri hiyo haibadilishi kitu chochote ndani ya diski. Hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu, na ndiyo sababu inafaa kuagizwa kwa simu.

– Mwalimu, nisomee ulichoandika, herufi moja moja.
– N, o, m, o, d, e, s, e, t.
– Hakuna nafasi katikati?
– Hakuna.
– Sasa F10.
– Yanapita maandishi... Eneokazi limekuja, fundi. Lakini herufi zimekuwa kubwa, na picha imevutika.
– Imevutika, sawa, usijali. Muhimu inaonyesha. Kabla hujafanya jambo lolote, chomeka flashi unakili ile mitihani. Kesho ukiiwasha, kwenye menyu ileile chagua kiini cha zamani, kile cha kabla ya kusasisha. Nacho kikikataa, unirudishie simu.